Mfuko wa Shilingi Kumi

Alhamisi, 16 Machi 2017. Jericho, Nairobi

Gazeti la jirani lilizunguka meza zote za kukatia pale Uhuru Market kabla halijanifikia, likaja limejaa chaki. Majuala ya plastiki yamepigwa marufuku. Waziri wa Mazingira, Profesa Judi Wakhungu, ameweka katika Gazeti Rasmi la Serikali tangazo la tarehe 28 mwezi uliopita, na baada ya miezi sita sheria inaanza kuuma. Si mtengenezaji na mwagizaji peke yao. Hata anayelibeba yumo. Faini ni kati ya milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili.

Tumecheka. Kijana anayeshona trakisuti amesema akishikwa na juala la sukuma itabidi auze shamba la babake kule Machakos, na la jirani pia. Mzee wa kola, yule anayeshona kola, hakucheka. Alikuwa anatunga uzi sindanoni, akasema tu kwamba wimbo huu anaujua. Na kweli, mwaka 2007 Waziri wa Fedha Amos Kimunya alisoma bajeti akayatoza majuala ushuru wa asilimia 120 na kuyapiga marufuku yale mepesi. Mwaka 2011 wakarudi na katazo jingine la unene. Majuala yakaendelea kupeperuka Jogoo Road kama kawaida.

"Wenye viwanda wana mawakili," mzee alisema. "Mtaro una nani?"

Mimi nimelisoma tangazo kifundi. Limeeleza mfuko jinsi mteja mzuri anavyoagiza nguo: wenye mishiko au usio na mishiko, wenye mkunjo wa ubavuni au usio nao. Hapo nimeona mtu anayejua anakata nini. Marufuku za nyuma zilipima maikroni, mara 30, mara 60, na nani pale sokoni Gikomba ana kipimo cha maikroni mfukoni? Hii ya sasa hata mtu gizani anaweza kuijua kwa kupapasa. Kwa sababu hiyo tu nadhani safari hii itashika, ingawa sikuwaambia wenzangu.

Jumapili, 20 Agosti 2017

Uchaguzi umepita, upinzani umepeleka matokeo Mahakama ya Juu juzi Ijumaa, na mtaa unatembea kwa vidole. Pamoja na hayo watu wamepata nafasi ya kuficha majuala. Jirani yangu ameyakunja pembetatu ndogo ndogo, ameyajaza chini ya godoro. Nimemuuliza ya nini, akasema ya siku ya shida. Shida gani hiyo itakayotaka juala, hakusema.

Chama cha Watengenezaji Bidhaa kinalia kwamba kampuni 176 zitaumia na watu 60,000 watapoteza kazi. Idadi hiyo wengine wanaibishia. Mimi sina namna ya kuihesabu, lakini mmoja wa hao namjua, anakaa plot ya nyuma, na kila asubuhi hutembea hadi Industrial Area. Anaendesha mashine ya kupuliza plastiki. Jioni ya leo amenieleza: punje zinayeyushwa, zinapulizwa zikawa bomba refu jembamba, bomba linalazwa, linakatwa, linazibwa chini kwa moto. Usiku mzima mashine haizimwi, kwa sababu ikizimwa plastiki inagandia ndani. Yeye ni wa kulipwa kwa siku. Ameambiwa aje Ijumaa kuchukua chake cha mwisho, na hakuna barua, maana hata wakati wa kuajiriwa haikuwepo.

Sijaona gazeti lililomuuliza maoni. Maoni yake ni kwamba majuala yanachafua, na kwamba angependa kazi.

Ijumaa, 25 Agosti 2017

Korti imekataa kusimamisha marufuku. Jumatatu ndiyo siku. Mzee wa kola ameomba radhi kwa mtaro.

Jumatatu, 28 Agosti 2017

Nimetoka kazini mapema makusudi nikaone. Supamaketi niliyoingia sitaitaja hata humu. Zote zimefanya vilevile.

Mlangoni soja alikuwa anachungulia mikononi mwa watu. Ndani foleni ilikuwa haisogei, kwa sababu kila aliyefika kwa keshia alikuwa anaanza kesi upya. "Umebeba mfuko?" Hapana. "Mdogo ni tano, wa kati kumi, mkubwa ishirini." Hapo ndipo maneno yanapoanza. Bwana mmoja wa suti, mwenye vitu vichache tu, alishika mfuko wa kati akaugeuza, akaona jina la duka limeandikwa kwa herufi kubwa pande zote mbili. Akauliza, kwa adabu kabisa, atalipwa ngapi kwa kutembeza bango hilo hadi Umoja. Keshia akamwambia, "Baba, mimi nimeajiriwa tu." Foleni nzima ilicheka, keshia mwenyewe akacheka, bwana akalipa kumi.

Si wote waliolipa. Kijana alitia unga na maziwa kwenye kofia ya nyuma ya jaketi lake, akatoka ameinama. Mama mwenye mtoto mgongoni alifungua leso ya pili, akapanga sabuni, sukari na kiberiti, akafunga fundo, akaenda zake bila kumtazama mtu. Huyo nadhani ndiye pekee ambaye siku ya leo haikumgusa. Mwingine aliacha kila kitu kaunta akasema anaenda dukani kwa Mkisii, atabeba mkononi. Na kulikuwa na mwanamke mmoja amekuja na foronya. Safi, imepigwa pasi.

Kwenye matatu za 58 makanga alikuwa na wimbo mmoja tu: wenye majuala washuke, NEMA, wale wa mamlaka ya mazingira, wako City Stadium. Abiria mmoja akasema siku hizi afadhali ushikwe na bangi, utapata wakili wa bei nafuu. Waziri amesema hawataanza na mwananchi wa kawaida, wataanza na viwanda na wauzaji. Lakini faini ya milioni 2 ikishaandikwa, nani mtaani atakayesubiri kuthibitisha kama yeye ni wa kawaida?

Nimekaa nikalifikiri jambo la shilingi kumi. Jana tuliambiwa juala ni bure. Halikuwa bure, hakuna mfanyabiashara anayegawa. Bei yake ilikuwa ndani ya sukari na sabuni. Sasa juala limeondoka na mfuko unauzwa peke yake. Nimelinganisha risiti ya leo na ya wiki iliyopita. Sukari bei ileile. Sabuni bei ileile. Unga wa ruzuku uko kwenye 90, na bei hiyo si duka lililoipanga.

Jumatano, 30 Agosti 2017

Magazeti yote yanaandika juu ya supamaketi. Wanaoandika nadhani hawanunui sukuma ya kukatwa.

Kwetu hesabu ya juala haikuwa supamaketi hata kidogo. Saa kumi na mbili na nusu jioni watu wanamiminika kutoka Industrial Area kwa miguu, wanapita kwa mama mboga, na mama mboga ameshakata sukuma nyembamba kama uzi, ameipanga kwenye majuala madogo ya shilingi kumi, nyanya mbili na kitunguu kando. Unachukua, unaenda kuwasha stovu. Majuala hayo yalikuwa ndiyo sahani yake, mizani yake na friji yake. Jana amejaribu gazeti. Sukuma imeoshwa, ina maji, gazeti likaachia njiani, na mteja wake wa miaka akarudi na kiganja cha majani amekishika kifuani. Leo ameandika kwenye kipande cha katoni: LETA SAHANI.

Basi watu wanaleta. Sahani, sufuria, bakuli la uji la mtoto, na wenye akili wanaleta karatasi ya mkate, kwa sababu ile imetoka kiwandani na bidhaa ndani na sheria imeiruhusu. Karatasi ya mkate sasa ni mali. Inaoshwa, inaanikwa kwenye kamba katikati ya soksi. Maziwa ya kupimiwa, ambayo zamani yalikuwa yanamiminwa kwenye juala na kufungwa fundo, sasa ni chupa ya soda ya plastiki, na chupa hiyo, nimeona leo, hakuna anayeikataza. Chipsi zinafungwa kwenye karatasi ya khaki. Mafuta yanapita hadi kwenye nguo. Bucha anakata robo, anaiweka kwenye mizani pamoja na karatasi nzito. Mzee mmoja mbele yangu akamwambia: "Kijana, pima nyama kwanza, karatasi nitainunua siku nyingine."

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sikukifikiria mpaka nilipotembea kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu na sahani. Juala jeusi lilikuwa linafunga mdomo. Ukipita nalo koridoni hakuna aliyejua umebeba nyama au matumbo, nusu kilo au robo ya robo, au mayai mawili ya watu watano. Sasa chakula cha jioni cha kila nyumba kinapita uwanjani kikiwa wazi, na wanaofua hapo bombani wanaona. Mtoto wa jirani ametumwa omena kwa bakuli. Ameifunika kwa kiganja njia nzima. Mtoto wa miaka minane! Hakuna mtu aliyemwambia afunike.

Sioni ofisi gani ningeandikia malalamiko ya namna hiyo, na hata sijui kama ni malalamiko. Nimeshona kitambaa cha kufunikia sahani, cha mraba, chenye upindo. Kesho nitashona vingine.

Ijumaa, 1 Septemba 2017

Mahakama ya Juu imefuta uchaguzi wa rais, majaji wanne kwa wawili. Idd pia ni leo. Hakuna mtu Eastlands aliyetamka neno juala tangu asubuhi.

Jumamosi, 16 Septemba 2017

Nashona mifuko. Uhuru Market nzima inashona mifuko. Turubai zinazobaki kwenye mabegi ya shule, kitambaa cha amerikani, jinzi kuukuu kutoka Gikomba, kila kitu kimepata mishiko. Yangu naiwekea mshono wa mara mbili kwenye mishiko na msalaba pale inapounganika, kwa sababu hapo ndipo mfuko hufia. Utabeba kilo kumi za viazi kutoka Muthurwa mwaka mzima. Nauza 80.

Kikundi cha akina mama wa kanisa kimechukua dazeni mbili, nikadhani biashara imefunguka. Kisha wateja wa kawaida wakaanza: "Fundi, supamaketi ni kumi!" Nimewaeleza uzi, nimewaeleza mshono. Wananisikiliza vizuri, wananiita dada, wanaondoka. Na siwalaumu. Mtu anayenunua unga wa siku moja hawezi kununua mfuko wa miaka mitatu. Atanunua wa kumi, utachanika wiki ijayo, atanunua mwingine wa kumi, na kufikia Krismasi atakuwa amelipa wangu na wa mwenzangu.

Binti wa plot yetu anayesoma chuo amenionyesha kwenye simu mambo ya nchi nyingine. Ireland ilianza mwaka 2002: senti 15 kwa kila juala, ni sheria, inaandikwa kwenye risiti, na pesa inaingia kwenye mfuko maalumu wa mazingira. Watu wakaacha majuala kwa zaidi ya asilimia 90. Uingereza walianza peni 5 mwaka 2015, kwa maduka makubwa tu. Afrika Kusini walikuwa wamewatangulia Waingereza, 2003. Kote huko watu walinung'unika vilevile kama pale kwa keshia wetu. Yule bwana wa suti ana ndugu Dublin na Manchester wasiojuana.

Lililonikera ni jingine alilonisomea. Mwaka 2005, hapahapa Nairobi, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa pamoja na NEMA na taasisi ya utafiti ya KIPPRA walitoa ripoti: pigeni marufuku majuala mepesi chini ya maikroni 30, na yale mazito yatozeni kodi, pesa isaidie kuzoa na kutumia upya takataka. Wangari Maathai wakati huo alikuwa Naibu Waziri wa Mazingira, na alikuwa akieleza kwamba juala lililotupwa likishika maji ya mvua linazaa mbu wa malaria. Kwa hiyo njia ilichorwa miaka kumi na miwili iliyopita. Hatukuifuata. Tukangoja hadi mitaro ikajaa, kisha tukakata kila kitu kwa panga moja.

Na sasa tunalipa kodi ileile ila hakuna aliyeiandika. Hakuna mstari kwenye tangazo la Waziri unaosema mfuko uuzwe kumi. Aliyeipanga ni mwenye duka, anaipokea mwenye duka, na jina lililo juu ya mfuko ni la mwenye duka. Mama mboga, ambaye yeye pia analipia khaki, hathubutu kumwongezea mteja hata shilingi.

Jumapili, 8 Oktoba 2017

Vijana wa mtaa wamekuja kunidai. Zamani mpira wao walikuwa wanautengeneza wenyewe: juala moja linapulizwa katikati, mengine yanazungushwa juu yake, kisha manila inasukwa nje kama wavu. Unadunda, hauingizi maji, na ukichoka unaongezwa juala. Wengi waliocheza baadaye uwanja wa Camp Toyoyo kwa viatu na jezi walianza na mpira huo kwenye uchochoro. Sasa majuala hayapatikani, wanataka mabaki ya vitambaa. Nimewapa mfuko mzima. Mchana wamerudi: mpira wa matambara umeanguka kwenye maji, umekuwa mzito, mmoja ameteguka kidole. Wanauliza kama nina vipande vya nailoni. Ninavyo, vya trakisuti.

Pale uani nimemkuta jirani wa juu anawasha jiko kwa vipande hivyohivyo. Kabla ya Agosti alikuwa anawasha kwa juala, matone ya moto yanadondokea makaa. Moshi ni uleule mweusi, na anakohoa kikohozi kilekile. Nimemwambia. Amesema mafuta ya taa nitamnunulia mimi.

Jumanne, 14 Novemba 2017

Mvua kubwa usiku, na leo asubuhi nimetembea kufuata mtaro wa nyuma ya nyumba. Nataka niandike hili vizuri kwa sababu nimelalamika sana katika kurasa hizi.

Maji yanapita. Mwaka jana wakati kama huu mtaro huu ulikuwa umeshindiliwa majuala mpaka juu, maji meusi yakapanda ngazi na kuingia nyumba za chini, tukaweka magodoro juu ya meza. Leo kuna chupa, kuna viatu, kuna tope la kutosha, lakini unaliona jiwe la chini. Ua wa reli kule Mutindwa, ambao ulikuwa umevaa majuala ya kila rangi, umebaki waya. Mzee anayefuga mbuzi karibu na hapo ameniambia hajapoteza hata mmoja tangu Septemba. Huko machinjioni waganga wa mifugo walikuwa wanapasua tumbo la ng'ombe mmoja wanatoa hadi majuala 20, na nyama hiyo ndiyo iliyokuwa inakuja kupimwa kwetu.

Kwa haya sifa zinagawanywa ovyo. Waziri amepata zake. Mimi ningempa sehemu kijana wa Nakuru, James Wakibia, aliyetembea miaka akipiga picha takataka za mji wake na kuzitupia mitandaoni mpaka wakubwa wakachoka kuziona. Alikuwa na kamera tu.

Marufuku ilikuwa sawa. Ningeulizwa leo ningeipigia kura kabla ya chai.

Jumamosi, 10 Machi 2018

Msaidizi wangu mpya wa kukata anatoka Mathare. Tulikuwa tunazungumza mambo ya ukataji miti kusimamishwa na bei ya makaa kupanda, kisha mazungumzo yakafika mahali ambapo magazeti hupita haraka. Kwao majuala yalikuwa choo. Choo cha kulipia kina bei yake kila unapoingia, usiku kinafungwa, na msichana hawezi kutembea hatua mia mbili gizani kukitafuta hata kama kingekuwa wazi. Juala lilitumika, likafungwa, likarushwa. Wageni walipenda kulisimulia jambo hilo kama kichekesho cha Nairobi.

Nimemuuliza sasa wanatumia nini. Amesema makopo, na karatasi za mkate. Hakuna choo kilichoongezwa karibu na kwao tangu Agosti.

Makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri, upande wa pili wa mji huuhuu. Shirika lilianzishwa mwaka 1972. Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975, likatangazwa limejaa 2001, na malori bado yanamwaga huko kila siku, kando ya mto. Miaka yote hiyo taka zimekuwa zikielekea mashariki.

Jumatatu, 1 Aprili 2019

NEMA ilikuwa imetangaza kwamba ifikapo jana mifuko ile ya supamaketi, ya kitambaa kisichofumwa, nayo iwe imeondoka. Leo nimepita: bado inauzwa, na bado ni kumi.

Mwaka jana ningewaokolea NEMA muda. Fundi akiletewa kitambaa asichokijua huchomoa uzi akauwasha. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu inanuka nywele. Huu mfuko wa "kitambaa" hauna hata uzi wa kuchomoa. Nyuzi zimelazwa na kubanwa kwa joto. Nimekata ncha ya mshiko nikaiwasha mbele ya msaidizi wangu. Ikajikunja, ikayeyuka, ikadondoka tone jeusi gumu mezani. Ni polipropilini. Ni plastiki iliyofundishwa kukaa kama nguo. Ukiwa mzito na umeshonwa vizuri unaweza kubeba mizigo muda mrefu, sikatai, lakini hii myepesi inachanika kabla ya mwezi, inatoa manyoya, na manyoya hayo nimeanza kuyaona kwenye mtaro.

Hivyo miaka miwili kasoro tumekuwa tukilipia plastiki ili tusitumie plastiki. Tanzania nao wanajiandaa kwa marufuku yao, Juni mosi. Zanzibar walitangulia zamani, mwaka 2006, na Rwanda 2008. Ningekuwa na namba ya simu ya fundi yeyote wa Kariakoo ningemwambia awahi na kiberiti.

Mimi mifuko nimeacha kushona. Nimerudi kwenye sare za shule, ambazo zina bei inayoeleweka.

Jumapili, 5 Mei 2024

Sikufungua daftari hili kwa mambo ya mifuko kwa muda mrefu. Mafuriko ndiyo yamelirudisha. Mathare watu wamesombwa, nyumba za kando ya mto hazipo, na msaidizi wangu wa zamani amehamia kwa shangazi yake Kayole na watoto na sufuria moja. Maji yalipoteremka nimeangalia yaliyobaki kwenye vichaka: chupa, karatasi za biskuti, nepi, ile mifuko ya manyoya. Majuala ya zamani, yale meusi na ya mistari, ni machache. Yapo, yanaingia kwa mabasi kutoka mipakani, na mwenye kibanda anayekuamini atakutolea moja chini ya meza. Lakini ni machache, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa marufuku hajui kama kulikuwa na siku majuala yaliota kwenye miti.

NEMA imetoa agizo jipya mwezi uliopita, tarehe 8: ndani ya siku 90, taka za jikoni zisitiwe tena kwenye mifuko ya plastiki, ziwe kwenye mifuko inayooza kabisa. Vijana wanaozoa taka zetu hutuachia mfuko mmoja kila wiki ndani ya ada. Nimewauliza huo unaooza utakuwa bei gani. Hawajui, ila wanajua nani ataulipa.

Sina shida na kulipa. Nililipa kumi ya kwanza 2017 na nimekuwa nikilipa tangu hapo, sasa ni ishirini. Ninachotaka ni kile walichoandika wenyewe mwaka 2005: anayetoza aseme pesa inazoa nini. Lori la kaunti halijapita uchochoro wetu tangu kabla ya Pasaka. Risiti ya jana ninayo hapa: unga, chumvi, mafuta ya kupikia, na chini kabisa mfuko mmoja, 20.00, VAT ikiwa ndani. Kuhusu taka haijasema neno.